Nani Aulizwe, Nani Aachwe

Juzi kijana mmoja wa ofisi niliyostaafu alinipigia simu. Akanisalimia vizuri, shikamoo mama, habari za kupumzika, kisha akafika alikokuwa anaelekea. Wamepunguziwa fungu la mafuta. Wana watoa taarifa wengi vijijini na hawawezi kuwafikia wote, sasa wamwache yupi na wabaki na yupi? Nilimwambia nitamjibu nikipata nafasi. Nafasi ninayo tele, nguvu ndiyo sina. Magoti yananiuma, na swali lake nimelisikia tangu tunavaa viatu vya raizoni.

Basi nawajibu nyote kwa pamoja, ninyi mliokalia viti vyetu. Msitegemee nipange mambo kwa mfuatano. Nitasema yanavyonijia, na nikirudia jambo mnivumilie.

Kazi yetu ilikuwa kujua nani atakosa chakula kabla hajakikosa. Tulikuwa mradi mmoja wa taarifa za chakula hapa Dodoma, chumba kimoja, meza mbili, feni iliyozunguka ikitaka yenyewe. Mradi ulibadilishwa jina mara nyingi hata sijui leo unaitwaje. Mkuu wangu alikuwa Mzee Chilongani, Mgogo wa Bahi, mtu wa ugoro na maneno machache. Siku yangu ya kwanza alinipa kiti kibovu, akaendelea na ugoro wake mpaka nikadhani amenisahau. Kisha akasema, "Binti, njaa ikishaonekana, hata mpita njia anaijua. Sisi tunalipwa tujue kabla watu hawajala mbegu."

Nilizaliwa Mpwapwa mjini, baba karani, kwa hiyo alilazimika kunifafanulia. Vijijini kwetu huku, mahindi ya mbegu hayawekwi kwenye gunia. Huchaguliwa yale makubwa, yakafungwa na maganda yake, yakaning'inizwa juu ya meko. Moshi wa kila siku unayafanya meusi na wadudu hawayagusi. Familia inaweza kupika uji mwepesi, ikauza mbuzi, ikala majani ya mlenda mwezi mzima, lakini yale ya juu ya meko hayaguswi. Siku mama wa nyumba anapoyashusha na kuyapeleka kusaga, mwaka huu wake umekwisha na mwaka ujao ameula pia. Hicho ndicho tulichokuwa tunakilinda, ingawa kwenye karatasi za mradi kiliandikwa kwa maneno makubwa zaidi.

Zamani za ushirika kazi hii ilikuwa nyepesi. Mahindi yote yalipita kwenye ghala la ushirika, ukimuuliza karani wa ghala umemaliza. Aliyeuza pembeni aliitwa mlanguzi na akakamatwa. Kisha ikaja ruksa, kila mtu auze anapotaka. Mlanguzi akawa mfanyabiashara mwenye lori, ghala likawa makazi ya popo, na sisi tukabaki hatuoni kitu. Hapakuwa tena na mtu mmoja anayejua yote. Palikuwa na watu wengi wanaojua kidogo kidogo, huyu mvua, yule bei, yule mifugo, na dizeli ya kuwafikia ilikuwa ya kuombea. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi yenyewe, yaani kuchagua.

Nianze na makosa, maana mnapenda kutucheka. Tulikuwa na kipimo cha mvua kwenye shule moja ambayo siitaji. Mwalimu aliyekisoma alikuwa mwaminifu ajabu, kila mwezi taarifa zake zilifika zimeandikwa kwa mwandiko mzuri. Kwa mujibu wake kijiji kile kilikuwa kinapata mvua za kufanana na Bukoba. Majirani zake wote walikuwa wanakauka. Tulimwamini muda mrefu kwa sababu ya mwandiko. Mzee Chilongani alipopita pale kwa shughuli nyingine akakuta kipimo kimesimikwa chini ya ukingo wa bati, kinapokea maji ya paa zima. Mwalimu akaeleza kwamba alikiweka pale ili mbuzi wasikiangushe. Mzee alirudi akinuna, ila nilimwona mabega yanatikisika kwa kicheko. Kuanzia hapo tukawa tunaangalia kitu kinachopimwa kinasimama wapi kabla ya kuangalia nani anaandika.

Nikakosea na mimi peke yangu, Majengo sokoni. Nilimfuata Mama Neema, muuza nafaka, nikamuuliza mahindi bei gani leo, nikiwa na kalamu mkononi. Akanitajia bei ya kunitia huruma, akidhani ni mtu wa kodi. Kesho yake nikaenda bila kalamu, nikanunua kilo moja ya kula nyumbani, na bei ikawa nyingine kabisa. Tangu siku ile Mama Neema akawa mtu wangu wa kwanza kwa kila jambo. Hakuwa anajua zaidi ya wengine. Nilikuwa namfikia kwa miguu wakati wa chakula cha mchana, basi. Mzee alisisitiza hivyo, kwamba uanze na yule usiyemtumia dizeli, umkamue mpaka mwisho, ndipo umfikirie wa mbali. Vijana wengi walioletwa ofisini walifanya kinyume. Walitaka kwanza gari.

Na kabla Mzee hajasaini gari litoke, alikuwa na kitabia kimoja kilichotuudhi. Alikuuliza, "Ukirudi ukaniambia ndiyo, tutafanya nini? Ukirudi ukaniambia hapana, tutafanya nini?" Kama majibu yako mawili yalifanana, gari lilibaki kivulini. Nilimchukia kwa hilo. Watu walisema ananitesa kwa kuwa mimi ni mwanamke, lakini aliwatesa wote sawasawa. Nilikuja kugundua baadaye kwamba nusu ya safari tulizokuwa tunaomba zilikuwa za kutaka kujua tu, na kutaka kujua hakuna mwisho wake.

Sasa niwaambie kuhusu Busi, kule Kondoa, na nikimaliza hilo nitakuwa nimechoka kweli.

Ulikuwa mwaka wa mvua ya wastani. Kulikuwa na shehena ya mahindi ya msaada, na kamati ya mradi ilikuwa inapanga maeneo ya kupelekewa kabla masika hayajaharibu barabara. Busi ilikuwa inakaribia kuachwa nje. Bwana shamba wa kata aliandika kwamba mavuno ni mazuri. Dalali wetu wa soko la mahindi la Kibaigwa, ambaye tulimpata kwa simu ya kuazima, alisema mahindi ya Kondoa yanamiminika. Na dereva wetu Saidi, aliyekuwa ametoka huko, alisema amepishana na malori yamejaa mpaka yanayumba. Watu watatu, sehemu tatu, jibu moja. Niliona tumepata bahati.

Mzee Chilongani akafungua kikopo chake cha ugoro. "Bwana shamba aliona nini?"

"Malori yanapakia."

"Dalali?"

"Malori yanashusha."

"Na Saidi?"

Mzee hakungoja jibu. Akanusa, akapiga chafya, akasema, "Basi tumeliuliza lori peke yake, mara tatu."

Nataka mkae na jambo hili kidogo. Enzi za ushirika, lori likitoka kijijini limejaa maana yake watu wamekula na kubakiza. Wote tulikuwa bado tunalisoma lori kwa macho ya zamani. Lakini sasa kulikuwa na ada za shule, na dawa za zahanati zilikuwa zinachangiwa, na mwenye lori alikuwa anafuata mahindi mpaka shambani yakiwa mabichi, analipa papo hapo bei anayotaka yeye. Lori lililojaa lingeweza kuwa shibe na lingeweza kuwa njaa iliyopakiwa. Ukiliangalia kutoka nje huwezi kutofautisha.

Tulikuwa na mafuta ya safari moja. Kwa hiyo swali lilikuwa ni nani pale Busi haangalii lori. Mwalimu mkuu nilimpendekeza, lakini shule zilikuwa zimefungwa. Mnada wa mifugo ungetufaa sana, kwa sababu watu wakianza kuuza mbuzi jike wenye mimba unajua mambo yameharibika, ila ulikuwa umepita na mwingine ulikuwa mbali. Viongozi wa kijiji hatukuwataka kabisa. Ukimuuliza kiongozi kama kuna njaa atakwambia ipo, na mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Tukabaki na mwenye mashine ya kusaga. Kila nyumba lazima ipite kwake, na hakuna anayemwomba msaada mwenye mashine, kwa hiyo hana sababu ya kutia chumvi.

Alikuwa mjane, Bi Zuhura, Mrangi, mrefu, mweupe wa unga mpaka kope. Mashine ilikuwa imezimwa tulipofika, na hilo peke yake lilinishtua, maana ilikuwa saa ya kusaga. Tukasalimiana. Sikumtajia njaa. Nilimuuliza biashara inakwendaje.

"Biashara gani, mama. Mimi nimelogwa."

"Na nani tena?"

"Huyo wa mashine ya kule chini. Sijui kawapa nini watu. Walikuwa wanakuja na debe, wanakoboa, wanasaga, pumba naachiwa nawauzia wafuga ng'ombe. Leo mtu anakuja na bakuli. Bakuli, mama. Nawasha mashine kwa ajili ya bakuli. Na kukoboa hakoboi, eti anataka dona, dona ina afya. Tangu lini watu wa hapa wakapenda dona?"

Saidi alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Mimi nilimtuma ateremke kwa miguu mpaka kwenye mashine ya kule chini, asiulize chochote ila biashara. Alirudi na habari kwamba mwenye mashine ile naye ana kinyongo kikubwa, anasema Bi Zuhura amemwibia wateja kwa dawa.

Mnaona? Kila mmoja alikuwa anazungumzia mfuko wake, hakuna aliyekuwa anajua kwamba ananieleza jambo kubwa. Debe limekuwa bakuli, na pumba zinaliwa. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri na bakuli lake, mtoto mgongoni, alinimalizia. Nilimuuliza kama ya shambani yamekwisha mapema. Akasema, "Tuliuza yakiwa na maziwa. Mtoto alirudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya ada. Ningefanyaje?" Nikamuuliza mbegu je. Akasema, "Zipo," na akageuza uso. Nilirudi Dodoma nimefurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu tulikuwa tumewahi. Mbegu zilikuwa bado ziko juu ya meko.

Mzee Chilongani akapeleka taarifa kwenye kamati. Mwenyekiti, mtu mpole mwenye tai, akaisoma, akasema kwa upole wake, "Mzee, watatu wanasema chakula kipo, mmoja anasema hakuna. Mkaongeze watu."

"Watatu hao ni mmoja, mwenyekiti."

"Lakini majina ni matatu."

"Niongeze nani ndipo utakubali?"

"Ongezeni tu. Tuwe na uhakika."

Tulisubiri mafuta. Yalipopatikana nikaenda tena, na bakuli lilikuwa limekuwa kikombe, na Bi Zuhura alikuwa amempunguza mtu wake wa kazi. Kamati ikasema sasa tuthibitishe kwa wilaya. Wilaya ikamwandikia mtaalamu wake aliye karibu, naye alikuwa nani kama si bwana shamba yule yule? Akajibu tena kwamba mavuno yalikuwa mazuri, na kwa kweli yalikuwa mazuri, hakusema uongo. Sasa kwenye faili kulikuwa na majina manne dhidi ya moja. Mzee Chilongani aliligombea jambo lile kikao baada ya kikao. Mimi niligomba zaidi yake, mpaka nikaambiwa nina hasira na nipewe likizo. Sikuichukua.

Watu wakisema "gharama" ofisini, wanamaanisha dizeli, posho, karatasi. Sisi wenyewe tulijisifu kwamba tunapata habari kwa gharama ndogo, na kwa dizeli ilikuwa kweli. Lakini kila mtu wa ziada unayemuuliza anakula siku, na siku hizo hazitoki kwenye fungu la mradi. Zinatoka jikoni kwa yule mama wa bakuli. Yeye ndiye aliyekuwa analipia uhakika wa mwenyekiti. Jambo hili sikulielewa vizuri mpaka lilipokuwa limekwisha kutokea, na tangu nilielewe sijawahi kulisema kwa utulivu.

Ninyi mna simu sasa. Kijana wangu wa juzi aliniambia wana makundi ya mawakala, ujumbe unaingia kila dakika, na shida yao ni wingi. Nikamuuliza nani anaandika na nani anasambaza. Akasema wengi wanasambaza. Nikamwambia haya, rudi ukawahesabu wanaoandika. Kisha mwulize kila mmoja wao ana dirisha gani linalotazama mahali ambapo mwenzake hatazami. Wawili wenye dirisha moja mwache mmoja, hata kama ni rafiki yako, hata kama mwandiko wake ni mzuri. Na ukifika pale ambapo jibu la mtu anayefuata halitabadilisha utakachofanya, simama hapo na ufanye. Kusimama ndiko kunakowashinda watu. Kuuliza kunakupa hisia kwamba unafanya kazi.

Tukaenda Busi mara ya tatu. Saidi hakuwasha hata redio. Bi Zuhura alikuwa amekaa nje ya kibanda, na safari hii hakuzungumzia uchawi.

"Mashine imeharibika nadhani," alisema. "Wanasema dizeli inavujia kwenye unga. Nimefungua, nimesafisha, sioni kitu. Hebu onja wewe."

Akanimiminia unga kiganjani. Ulikuwa wa kijivu. Niliunusa, nami sikuwa na haja ya kuonja. Saidi, ambaye kwao ni Kolo, huko huko Kondoa, alichukua kidogo kwa vidole viwili, akaupeleka puani, akaurudisha kwenye bakuli taratibu, akaenda kukaa garini. Ilikuwa harufu ya moshi wa meko.

"Mama, mashine yako ni nzima," nilimwambia.

Aliniangalia, na hapo nikaona kwamba alikuwa anajua, alikuwa anajua tangu bakuli la kwanza la unga wa kijivu, ila alitaka iwe mashine.

Nilifunga unga ule kwenye kipande cha gazeti. Mzee Chilongani aliuweka mbele ya kamati bila hotuba, akawaomba waupokezane. Ulipofika kwa mjumbe mmoja mzee wa Mvumi, aliuinamia muda mrefu, akasema, "Hii ni mbegu, jamani." Mwenyekiti akauliza kama tuna uhakika. Yule mzee akamwambia, "Wewe nusa." Mahindi yaliidhinishwa kabla hawajanywa chai. Hakuna aliyetaka jina jingine.

Niliongozana na malori mwenyewe. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Kolo na matone ya kwanza yalitupiga tukiwa tunashusha magunia. Watu walipanga mstari vizuri, wazee mbele. Mtu hakufa kwa njaa Busi mwaka ule, na ripoti ya mwisho ya mradi ililisema hilo kwa fahari, na ni kweli.

Bi Zuhura alipewa gunia lake, akalikalia. Alinishika mkono akanishukuru, akamshukuru Saidi, akamwombea dua Mzee Chilongani ambaye hakuwahi kumwona. Kisha akatazama ile mvua iliyokuwa inaanza kulowesha ardhi, mvua nzuri, ya kupandia.

"Chakula tumekiona, mama," akasema. "Sasa tunapanda nini?"

Mahindi tuliyoleta yalikuwa yamekaa ghalani na dawa miaka, na waliojaribu kuyapanda walipata mche mmoja hapa, mwingine kule. Mvua ile ilinyesha vizuri msimu mzima, juu ya mashamba matupu.

Mwaka uliofuata, kujua hali ya Busi hatukuhitaji kumuuliza mtu yeyote.